Ahsante ya Kepueli

Kwetu visiwani Tonga mtu akikukuta kazini hakupi pole. Anakushukuru. Ahsante kwa kulima, ahsante kwa kufua, hata ahsante kwa kuja, na wewe unajibu huku mikono ikiendelea na shughuli.

Kalolaine alikuwa ameshukuriwa kwa kufagia miaka ishirini na mitatu mfululizo. Yeye ni msuka mikeka, mjane, watoto wote wamehamia Auckland, na kila alfajiri anafagia majani ya mshelisheli uani kwake, kuanzia pembeni kuja katikati, hata kama upepo unamwaga mengine nyuma yake. Na kila alfajiri jirani yake Kepueli, mhubiri wa kanisa letu, huegemea ua na kusema, "Ahsante kwa kazi, Kalolaine." Kisha Kalolaine huvuka na ndoo kwenda kuchota maji kwenye tangi la saruji la Kepueli, kwa kuwa la kwake lilipasuka zamani. Hayo maji hakuwahi kuyasemea neno. Yalikuwa maji tu.

Jumanne moja aliamka na mgongo unauma. Kepueli alipomshukuru, akamjibu, "Ahsante yako haishiki ufagio, jirani."

Kepueli akacheka. Lakini Jumatano hakusema kitu. Alipandisha nyusi, akageuza uso, akaingia ndani. Alhamisi vilevile. Ijumaa hata uani hakutokea.

Kalolaine alikosa raha. Alifagia, akatazama uani, akaona kama hapajafagiliwa. Mkeka aliokuwa anasuka ulimwendea upande, akaufumua mara mbili. Usumbufu wote huu kwa sababu ya maneno mawili ya mzee! Alimkumbuka mno, na alijilaumu kwa mdomo wake.

Jumamosi akachukua ndoo, akaenda kuomba radhi. Akamkuta Kepueli amelala kifudifudi juu ya tangi, mkono umezama ndani, anachokorachokora kwa fimbo.

"Kepueli, nisamehe ule utani wangu."

Mzee akaziba mdomo kwa kiganja. "Utani gani?"

"Si umeninunia?"

"Thijanuna. Meno ya bandia." Akaonyesha chini. "Nilikuwa nachungulia maji, nikapiga chafya. Na kesho nahubiri."

Kalolaine alihesabu siku kwa vidole. "Jumatano?"

Nyusi zikapanda, yaani ndiyo.

"Yaani siku nne nzima nakunywa chai ya meno yako?"

"Nilithita kukwambia," alisema Kepueli, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne wakacheka pamoja, yeye bado ameziba mdomo.

"Shuka huko. Unachokora katikati kama mtu asiyewahi kufagia."

Kalolaine alifunga wavu wa dagaa kwenye ufito mrefu, akapanda, akafagia sakafu ya tangi kama anavyofagia uani, pembeni kuja katikati, polepole. Maji yalikuwa machache, kiangazi kilikuwa kimeyala. Mzunguko wa tatu meno yakapanda na wavu, yanacheka yenyewe.

Kepueli akayasuuza, akayavaa, akafungua kinywa.

"Ngoja," Kalolaine akamkatiza. "Leo naanza mimi. Ahsante kwa maji. Ya miaka yote."

Mzee akababaika. Mtu anayeshukuru kutwa hakujua namna ya kushukuriwa. "Ni maji tu," akasema.

Jumatatu Kalolaine aliwahi kuamka kuliko kawaida. Alisimama karibu na ua, ufagio mkononi, hajagusa jani hata moja.

"Ahsante kwa kazi, Kalolaine."

"Kazi gani? Sijaanza."

"Basi ahsante kwa kuamka."

"Na wewe," akasema, "ahsante kwa kuwa hai bado."

Akageuka upesi asionekane macho, akafagia uani kote, mpaka pale pasipokuwa na majani.