Aliyemlilia Bonaria

Peppica alikuwa akichekecha unga wa mkate jirani yake Mallena alipoingia bila hodi, kitambaa kimemteleza kichwani.

"Dada yako Bonaria ametutoka, Peppica. Mungu ampokee."

"Amina," akajibu. Na Mungu amsamehe, machozi hayakuja. Aliwaza tu: sasa nani atamwombolezea mwombolezaji?

Miaka arobaini hakuzikwa mtu kijijini kwao, milimani Sardinia, kabla Bonaria hajakaa miguuni pa maiti na kumtungia maneno yake papo hapo. Mama yao, Antioga, alimrithisha ufundi huo yeye peke yake. Siku Peppica alipoomba kufundishwa, mama alicheka.

"Sauti yako tamu mno, mwanangu. Kaimbe harusini. Kifo kinataka amargu."

Amargu ndivyo wanavyoiita asali ya vuli, ile chungu inayokwaruza koo, na ndivyo wanavyomwita mtu mwenye ulimi mkali. Hata sala ya Kilatini ya padri kaburini ina neno la ukoo huohuo: siku kuu, siku chungu mno. Bonaria aliitwa hivyo kwa heshima. Peppica alilisikia kila msiba, akatafuna wivu wake kimyakimya.

Alipofika, wanawake walikuwa wamekizunguka kitanda. Hakuna aliyethubutu kuanza.

"Haya, mdogo mtu," mmoja akasema. "Au azikwe kama asiye na kwao?"

"Huyu wa harusi?" mwingine akanong'ona. "Si atamwozesha!"

Peppica akaketi miguuni pa dada yake, akaanza kumsifu. Sauti ikatoka tamu kama kawaida; wanawake wakatazamana. Akaziacha sifa. Kisha akasema lililokuwa kweli.

"Bonaria, uliyala yote ya mama, hukuniachia hata makombo! Nimewaonea wivu mpaka maiti uliowalilia. Leo umelala kimya, na bado wanakutazama wewe!"

Maneno ya mwisho yalimkwaruza koo. Mallena akaangua kilio, na nyumba nzima ikafuata.

Saa tisa alasiri wanaume wanne walimbeba Bonaria kanisani, kisha makaburini. Padri alisali na kunyunyiza maji ya baraka. Walimzika ubavuni mwa mama. Upande wa pili alikuwa baba. Peppica alitupia konzi ya udongo, akasali Salamu Maria pamoja na wengine, akasimama pale mpaka kaburi likafukiwa lote.