Migongo Ndani ya Kompyuta ya Mama Koti

Mama Koti alikuwa fundi wa watu waliopinda. Usicheke. Mwenye mwili ulionyooka anakwenda dukani, anachukua koti lililotundikwa, analipa, anaondoka zake. Lakini mwenye bega moja juu na jingine chini, mwenye kibyongo, mwenye mguu mfupi, huyo dukani hana nguo. Huyo hupanda ngazi kumi na nne mpaka chumba cha Mama Koti, akafunga mlango nyuma yake, akavua shati, akageuka. Na Mama Koti hasemi pole, wala haguni. Anashusha utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni, anaanza kazi. Wiki mbili baadaye mtu yule anateremka ngazi zile zile amenyooka kama msumari, kwa sababu pamba imekaa inapotakiwa, na mshono umedanganya pale unapotakiwa kudanganya.

Miaka arobaini na moja vipimo vyote alikuwa anaviweka kichwani. Yeye na kalamu hawakupatana. Shule alikaa miaka miwili tu, akatolewa akalee wadogo zake, na herufi akabaki kuzijua kama mtu anavyowajua majirani wa mtaa wa pili: sura anazikumbuka, majina yanampotea. Namba ndizo zake. Namba anazisoma hata kwa kona ya jicho.

Alipofika miaka sabini, kichwa kikaanza kuvuja. Siku moja akamshonea karani wa posta bega la mwashi. Karani alivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema taratibu, "Mama, huyu siyo mimi." Mama Koti hakulala siku mbili kwa aibu. Ndipo binti wa dada yake alipomletea kompyuta, akamfundisha kupiga picha mgongo wa mteja kwa kamera ndogo iliyo juu ya kioo cha mashine hiyo, huku utepe umelala juu yake na namba zinaonekana, kisha kuiweka picha kwenye folda pamoja na kipande cha rangi ya kitambaa chake.

"Mama mkubwa, kusoma usihangaike nako," binti alimwambia. "Kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Basi."

Wateja hawakuipenda ile kamera. Nani angeipenda? Kila mmoja wao Mama Koti alimwekea mkono begani na kumwambia, "Mgongo wako hautatoka nje ya mlango huu. Nikiutoa, mkono wangu ukauke." Watu sitini na wawili walimwamini, wakageuka wakapigwa picha.

Mwenye kumwonya alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda mwisho wa barabara. Alikuja kwa adabu zake zote, akakaa pembeni ya kiti.

"Mama, shikamoo. Hii mashine yako haina programu ya kuzuia virusi. Niruhusu nikuwekee."

"Marahaba. Ya nini? Mashine yenyewe inakaa mezani, haiendi kulala kwa watu."

"Virusi havingoji utoke nayo, Mama. Vinakuja kwa intaneti."

"Vitapanda ngazi zote hizi? Mimi mwenyewe nikipanda napumzika mara mbili."

Mkwe akacheka, akajizuia. "Basi angalau iache ile kinga iliyokuja nayo ijisasishe. Kila ikikuomba ruhusa unaibonyeza 'baadaye'. Ina mwezi wa nane sasa."

"Inaomba kila asubuhi kama mtu wa kukopa chumvi. Na wewe mwanangu una duka. Muuza miavuli namuuliza mimi kama mvua itanyesha?"

Mkwe akainuka, akaaga. Mama Koti akabaki anajichekea, kichwa kimemvimba.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anamalizia koti la kijivu la mwalimu wa hesabu. Mwalimu huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, uti wa mgongo umejipinda kama herufi ya S. Miaka kumi na tisa amefundisha darasani akiandika ubaoni kwa upande, uso kwa wanafunzi, na hakuna hata mmoja aliyejua. Aliyewahi kuuona mgongo ule alikuwa mama yake mzazi, na mama yake alikwisha kufa. Akabaki Mama Koti.

Akataka vifungo vya kufanana na kitambaa. Akafungua kwenye kompyuta ukurasa wa vifungo, kukawa na kitu kijani kinachometameta, akakibonyeza. Kijani si ndiyo?

Kioo kizima kikawa chekundu. King'ora kikaanza kulia, na juu ya king'ora sauti ya mwanamke ikapaza: "Onyo! Kompyuta yako imevamiwa na virusi! Usiizime! Picha zako zote zitatumwa kwa watu wote! Piga namba hii sasa!"

Picha zako zote. Sindano ikamponyoka Mama Koti. Aliiona migongo sitini na miwili imetundikwa barabarani kama nguo kwenye kamba, na watu wamesimama wanachagua. Namba ya simu ilikuwa kubwa, nyeupe, na namba ndizo zake. Akapiga, akaiweka simu mezani kwa spika.

"Habari za asubuhi, Mama," ilisema sauti ya kiume, nyororo, ya mtu aliyelelewa vizuri. "Umefika kwa wataalamu wa usalama."

"Mwanangu, inalia! Inasema picha zangu..."

"Usiogope, Mama. Tutaiponya. Unaona palipoandikwa 'ruhusu kuunganishwa'?"

Mama Koti alitazama. Aliona mistari mitatu ya maandishi inayocheza kama sisimizi. Hapo angeweza kusema neno dogo tu: mwanangu, kusoma kunanishinda. Lakini neno hilo hakuwahi kulisema kwa mteja, wala kwa mkwe, wala kwa marehemu mume wake aliyekufa akidhani mkewe anasoma gazeti. Angemwambia mtu asiyemjua?

"Naona," akasema.

"Bonyeza hapo. Sasa kuna maelezo, yasome kwanza ukubali."

"Nimesoma." Akabonyeza kijani.

"Hongera, Mama, wewe ni mwepesi. Kuna namba tisa hapo. Nisomee."

Hizo alizisoma kama anataja kiuno, kifua na mkono, bila kusita, na ndani ya woga wake akaona fahari kidogo.

King'ora kikanyamaza. Halafu kishale cha kwenye kioo kikaanza kutembea.

Mama Koti aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyewekewa bunduki. "Si mimi! Sijagusa!"

"Ni mimi, Mama. Nasafisha. Wewe kaa tu."

Kishale kilikwenda polepole, kikapapasa huku, kikapapasa kule, mfano wa mkono wa mtu ndani ya mfuko wa mwenzake. Kikaifikia folda, kikasimama. Kikaifungua. Mgongo wa mwalimu wa hesabu ukajaa kioo kizima, na utepe juu yake, na kila ulipopinda.

Mama Koti hakufikiri. Alilinyakua lile koti la kijivu akaifunika kompyuta gubigubi, kama ambavyo mtu angemfunika mwenzake aliyevuliwa nguo sokoni. Akabaki amelikandamiza kwa mikono miwili, anahema.

"Mama," sauti ikasema, na ule unyororo umepungua. "Mbona umeniwekea giza?"

Hakuelewa mara moja.

"Toa hilo koti, Mama. Koti lenyewe zuri, la kijivu. Toa tufanye kazi."

Kumbe alikuwa anamwona. Yule mtu, popote alipokuwa, muda wote alikuwa anamtazama kupitia lile jicho dogo la juu ya kioo: kichwa chake kisicho na kilemba, meno yake mawili ya bandia aliyoyavua na kuyaweka kwenye kikombe, chumba chake, mlango wake. Na akafahamu kwamba koti linaficha upande mmoja tu. Chini ya kitambaa mashine inaendelea kunguruma, na kishale kinatembea gizani.

Namna ya kuizima ikamtoka kichwani kabisa. Kile kisanduku cha intaneti binti wa dada yake alikiweka juu ya kabati, hakifikii. Lakini waya wake mwembamba uliingia kwa dirishani, umegongelewa misumari ukutani. Akashika mkasi wake mkubwa, mkasi wa chuma ambao haujawahi kukata kitu kisicho kitambaa, ambao bintiye aliwahi kuchapwa kwa kuukatia karatasi. Akaukata waya. Makali ya mkasi yakalia, yakamegeka.

"Umefanya nini?" Sasa sauti ilikuwa inafoka. "Wewe bibi! Tunajua unakaa wapi! Unasikia?"

Akaikata simu, akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo, akafunga mlango kwa komeo, akasogeza na kiti. Simu ikaita ndani ya kopo, vifungo vikatetemeka. Ikaita tena. Kila hatua ya mtu kwenye ngazi ilimkata pumzi.

Saa saba mchana alijikaza. Akaifunga kompyuta ndani ya shuka, akaibeba kifuani, akateremka. Barabarani kila aliyemsalimu alimwona kama anajua. Muuza mkaa alipocheka na mwenzake, Mama Koti alikaribia kudondosha mzigo.

Mkwe wake alisikiliza yote bila kumkatiza. Akaiwasha mashine bila intaneti, akachungulia kwa muda mrefu.

"Sema," Mama Koti alisema. "Ile programu yako ingemzuia?"

"Mama, tuache..."

"Nijibu kama mkwe. Usinijibu kama muuzaji."

Mkwe akajikuna shingo. "Pengine ingepiga kelele ukurasa ule ulipofunguka. Lakini hata hii kinga ya bure uliyo nayo ingeweza kupiga kelele, kama ungeiacha ijisasishe. Kwa kazi zako ingekutosha. Sikukwambia hivyo siku ile kwa sababu na mimi nilitaka kuuza, sitakudanganya. Ila huyu hakuvunja dirisha, Mama. Ulimpigia wewe, ukamsomea namba. Ukishamkaribisha mtu namna hiyo, sijui programu gani ingemtoa." Akasita. "Yale maelezo yalieleza wazi kwamba anaingia kwenye mashine yako. Uliyasoma?"

Mama Koti alitazama ukutani.

"Picha," akasema. "Amezichukua?"

"Alikuwa ndani dakika nne. Iliyofunguliwa ni moja. Kama aliinakili, au alinakili zote, sioni alama, lakini siwezi kukuapia."

"Huwezi kuniapia."

"Siwezi. Sikiliza, Mama, nyamaza tu. Huenda hakubeba kitu. Ukimwambia mtu, utakuwa umejiharibia jina kwa jambo ambalo huenda halipo."

Maneno hayo yalikuwa matamu, akayaonja njia nzima. Nyamaza tu. Lakini alipofika kwenye kona ya ngazi zake alimwona kichwani mwake mwalimu akiingia darasani kesho, au mwaka kesho, watoto wote wameshika simu, wanacheka, na yeye hajui wanacheka nini. Akageuka, akaenda nyumbani kwa mwalimu.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha madaftari. Mama Koti aliyasema yote akiwa amesimama, bila kujitetea hata kwa neno moja.

Mwalimu akavuta blauzi yake nyuma, pale mgongoni, kama mtu aliyepata baridi.

"Ameuona nani?"

"Mmoja namjua sauti. Wengine sijui."

"Na utajua lini?"

"Pengine sitajua."

"Uliniambia mkono wako ukauke."

"Niliyasema."

Mwalimu akatazama madaftari. Machozi hayakumtoka, hilo ndilo lililomwogopesha Mama Koti zaidi. "Zifute," akasema mwishowe. "Zote. Za wote. Na uende kwa kila mmoja umwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nitakwenda. Wote sitini na wawili."

"Na vipimo vyangu uwe unaviandika kwenye karatasi, kama mafundi wengine."

Mama Koti aliogopa kuliko asubuhi, kuliko pale sauti ilipotaja rangi ya koti.

"Kuandika sijui," akasema. "Na kusoma vilevile. Ndiyo maana aliingia."

Mwalimu akafunga mlango, akashusha pazia, akavuta daftari jipya kutoka kwenye rundo. Akageuka, akaanza kufungua vifungo.

"Wewe taja," akasema, amempa mgongo. "Nitaandika mimi."

Mama Koti akashusha utepe shingoni. Akaulaza juu ya mgongo.

"Bega la kushoto," akaanza.