Swichi Ikiwa Katikati

Walisema sitafika hata Lubumbashi, sembuse kurudi na diploma. Jirani mmoja, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimwambia mama yangu usoni: "Huyu akipata diploma ya umeme, mimi nitaolewa na gavana." Niliondoka Kalemie na sanduku la kuazima, viatu vya kuazima na abakosi ya kuazima, lile koti letu la Zaire lisilovaliwa na tai. Nilirudi na diploma, wa kwanza katika mtaa wetu. Nikafungua karakana ya redio karibu na stesheni, diploma nikaitundika juu ya meza, mahali ambapo hata asiyejua kusoma angeiona.

Mwenye abakosi alikuwa mpiga gitaa wa orkestra ya mtaa. Alipiga mi-solo, gitaa la kati, linalounganisha lile linaloimba na lile linalosindikiza. Siku moja akaniletea gitaa lake la umeme. Lilikuwa na mikro mbili za kunasa sauti chini ya nyuzi, na swichi ya kuchagua mikro ya juu, ya chini, au zote mbili pamoja. Swichi ikiwa katikati, sauti ilikatika-katika.

Ilikuwa kutu tu. Kipande cha karatasi chenye spiriti, ukikipitisha ndani ya swichi, kingetosha. Lakini karakana ilijaa watazamaji, kiongozi wa orkestra akiwemo, na kupangusa kwa karatasi hakukuonekana kazi ya mwenye diploma. Nikawasha chuma cha kulehemu, nikafungua waya zote bila kuchora kwanza kila mmoja ulitoka wapi. Mikro ya chini ilikuwa na waya mbili nyeusi, sawasawa kama mapacha. Nilizirudisha kwa kubahatisha. Juu, safi. Chini, safi. Katikati nikagusa uzi mmoja mwembamba, sauti haikukatika, nikafunga skrubu. Watu wakapiga makofi.

Baada ya siku tatu akarudi, na kiongozi wake nyuma.

"Mwanangu, katikati sauti imekonda. Haina tumbo."

"Papa, gitaa iko muzima. Pengine ni vidole njo vimechoka."

Watu wakacheka. Kiongozi hakucheka. Aliangalia vidole vya yule Papa.

Jumapili ile nilifungua daftari langu la shule, nikachora, nikaona. Waya za mikro moja nilikuwa nimezigeuza. Kila mikro peke yake huimba vizuri, lakini zikiwa pamoja moja husukuma huku nyingine ikivuta, na sauti nzito hufa. Na mpiga mi-solo anaishi pale katikati. Kurekebisha kulihitaji dakika kumi, na kukiri mbele ya walewale waliocheka. Nilimfikiria muuza ndagala. Nikajiambia, Papa akirudi nitalifungua gitaa kimyakimya. Hakurudi. Kabla mvua hazijaisha, kiongozi alimpa mpigaji mwingine nafasi ya Papa.

Mwaka uliofuata nilizunguka mtaa mzima kurudisha nilivyoazima, kila kitu kipya. Mwenye sanduku alipata sanduku la bati, mwenye viatu akapata viatu. Watu walinifuata nyumba kwa nyumba wakiimba. Kwa yule Papa nilienda mwisho, nikaingia peke yangu na abakosi mpya.

Aliivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni. "Inanienea. Sasa nitaivaa wapi?"

Nikaomba gitaa. Nilikuwa nimebeba chuma changu. Nikakipasha moto, nikabadilisha waya mbili, nikamrudishia. Akapiga, swichi ikiwa katikati. Sauti ilikuwa na tumbo lake lote.

"Haikuwa vidole, Papa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya juma lile lile."

Alifungua vifungo, kimoja kimoja, akaikunja abakosi na kuiweka juu ya kiti, karibu na mimi kuliko na yeye. Niliiacha pale, nikatoka.

Nje walikuwa bado wanaimba. Siku ile niliwalipa wote walioniazima. Mtaa unanisifu kwa hilo mpaka leo, na mimi huwaacha wasifu.