Aliyeomba Atolewe Kwenye Kanda ya Mama

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Malindi, mchana kweupe, na sikuwa na homa. Maswali utakayoniuliza nimeshajiuliza yote. Je, nilisinzia? Nilikula nini? Au lilikuwa joto? Nimeyapima mara nyingi kuliko inavyofaa, na jibu halibadiliki. Mwanamke aliingia chumbani kwangu, akazungumza nami, nami nikamdanganya.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya kompyuta, na kazi sijapata. Kwa hiyo nikawa fundi wa nyumba yetu. Kando ya kitanda changu palikuwa na kompyuta kuukuu iliyohifadhi video zote za ukoo, zilizonakiliwa kutoka kanda za zamani, na yeyote mle nyumbani aliweza kuzitazama kwenye simu au televisheni. Hiyo ndiyo seva yetu. Shida ni kwamba video hizo zilikuwa nzito, na seva ilibidi izigeuze ziwe nyepesi papo hapo, huku mtu anatazama. Yetu ilikuwa imezeeka. Wakitazama watu wawili, picha inakwama, inakwenda, inakwama.

Mama alikuwa akisubiri video moja tu: ya kupamba kwake, ile sherehe ya wanawake katika harusi. Picha zote za nyanya, mama yake mama, ziliharibiwa na unyevu. Uso wake ulibaki mle tu, akimwimbia bintiye. Dada zake mama wangekuja kutoka Mambrui siku ya pili ya Idi kumwona mama yao.

Unajua kanda za kupamba zilivyo. Wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza. Mwanamume hatazami, hata akiwa mwana wa kuzaa. Mama aliniapisha.

"Igeuze, lakini jicho lako lisiione. Umenisikia?"

"Sasa mama, nitajuaje kama haikwami?"

"Si wewe uliyesoma?"

Basi nikafunika kioo cha kompyuta kwa leso, nikawa nasikiliza ngoma tu, na mzigo wa seva nikiusoma kwenye simu yangu. Nilinunua kadi ya picha iliyotumika, ya kuisaidia kugeuza video, nikaongeza na kumbukumbu. Nikasugua kutu, maana chumvi ya hewa ya huku haiachi chuma. Halafu siku tatu nzima nikahangaika: je, umeme wake utatosha? Ikiungua je? Mama akachungulia mlangoni, akacheka.

"Unaiosha kama maiti. Izike basi tupumzike!"

Siku niliyoijaribu mama alikuwa ameenda Mambrui kuwaalika dada zake. Nimetoka kuswali adhuhuri, nikaiwasha video kwa pamoja kwenye televisheni niliyoifunika na simu mbili nilizozilaza kifudifudi. Niamini, haikukwama hata mara moja. Ngoma ilikwenda mfululizo mpaka mwisho, nikairudia tena tangu mwanzo. Hapo ndipo niliposikia hodi, mlangoni pa chumba.

Nilifungua. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buibui na nikabu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamvutia kiti. Sikukumbuka kabisa kwamba mlango wa nje nilikuwa nimeutia komeo.

"Siwezi kukaa," alisema. "Wewe umenizuia."

Akawa anakwenda na kurudi, dirishani, mlangoni, dirishani. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, karatasi zangu zinaruka, lakini upindo wa buibui lake haukutikisika. Nilikimbia? La. Nilijiambia labda kitambaa ni kizito. Ndivyo nilivyo mimi.

"Nimo mle," alisema, akiionyesha leso. "Kushoto kwa nyanya yako. Nilisema nisipigwe video, wakanipiga. Miaka yote hii kanda ikikwama, nami napumzika. Leo umeifanya iende moja kwa moja. Nacheza tu, mwanangu. Nimechoka. Nitoe."

"Bi mkubwa, siwezi kukutoa bila kutazama. Nimeapa."

"Nitoe."

Nikaanza kupiga hesabu. Nikimtoa, lazima nivunje kiapo. Tena yuko ubavuni mwa nyanya, nitawakata wote wawili. Nikiirudisha seva ilivyokuwa, itatuaibisha mbele ya wageni. Ningeweza kumwambia amngoje mama. Ningeweza kumwambia tu kwamba siwezi. Badala yake nilibofya vitufe viwili vitatu visivyofanya lolote, nikasema, "Tayari. Nimekutoa."

Akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutulia.

"Mahali pangu hapapo tena?"

"Hapapo."

"Basi nitakaa pengine."

Akatoka. Nilipomfuata, ukumbini hamkuwa na mtu, na komeo lilikuwa mahali pake.

Siku ya pili ya Idi wanawake walijifungia sebuleni. Mimi nilikuwa barazani, nje, nikisikia ngoma na vicheko. Sauti ya nyanya ikaanza kuimba. Vicheko vikakatika. Mama akatoka mbio.

"Nani amekaa kitini pa mama yangu?"

Ndani, dada yake alikuwa akipiga kelele, "Ni Salama! Salama jirani! Lakini sauti ni ya mama!"

Bi Salama alifariki kabla sijazaliwa. Alikataa kupigwa video siku ile, wakamcheka, wakamwambia anajifanya yeye ndiye bibi harusi. Sasa ameketi mahali pa nyanya, mikono mapajani, ametulia. Nyanya hayumo. Mama aliiweka kanda yenyewe kwenye deki ya zamani. Ikawa ni vivyo hivyo.

Nilimweleza mama yote. Hakunipigia kelele, na bora angenipigia. Alisema, "Ungemwambia kweli, angekuelewa. Salama alikuwa mtu mwema."

Nimeng'oa ile kadi, nimefuta, nimeanza upya mara ngapi sijui. Hakuna kilichobadilika. Kila Ijumaa mama huwasha video ile, akafumba macho mpaka wimbo umalizike.

Wewe unayegeuza kanda za watu, nisikilize. Akikujia mtu akuombe umtoe, mtoe. Kama huwezi, mwambie huwezi, hata akilia, hata akikasirika. Usimwambie umemtoa na hujamtoa.