Mbuzi wa Krismasi na Mkwe wa Mama

Mama hajawahi kuongea na mume wa dada yangu ana kwa ana. Hawajagombana. Kwetu Wakurya, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana: hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwa hiyo Krismasi ile dada alipomleta mumewe kijijini kwetu Susuni kwa mara ya kwanza, maneno yao yote yalipitia kwangu. Mimi ambaye tangu nimalize chuo sijasali, nikawa mjumbe kati ya watu wawili wanaosali kila siku.

Shemeji ni Mwislamu, ana duka la spea za pikipiki Bomani, mjini Tarime. Baba alishafariki, na baba mkubwa, mzee wa kanisa, alikataa kwenda kwenye ndoa yao. Kabla ya kuja, dada aliniambia kwenye simu, "Tunakuja mchana tu, jioni tunarudi. Mume wangu akiwekewa soda na mkate pembeni wakati wengine wanakula nyama, hamtatuona tena. Wala mtoto." Mama alikuwa hajambeba mjukuu huyo hata mara moja.

Nilikuwa na suluhisho, kama kawaida yangu.

"Mama, tuifanye sikukuu ya familia tu. Tusisali, tusiimbe, kila mtu awe huru. Isitoshe, Biblia yenyewe haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu."

Mama alikuwa anamenya ndizi jikoni. Hakuinua hata kichwa.

"Kwa hiyo mgeni akija, mwenyeji amfiche Mungu wake uvunguni? Na yeye atamficha wake? Nenda kamwambie mbuzi achinje yeye, kwa dua yake. Halafu mimi nitasali kwa jina la Yesu, na nitasali kwa sauti."

Shemeji alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya ghala la mahindi, hatua chache tu kutoka jikoni. Kila neno alilisikia. Hata hivyo alingoja nimfikishie.

"Mwambie mama nimepokea," akasema, uso ameuelekeza shambani. "Na asipunguze sauti kwa ajili yangu."

Nikarudi jikoni. "Mama, shemeji anasema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Baba mkubwa, aliyekuwa ameketi uani tangu asubuhi, naye alikuwa amesikia. Akainuka kitini. "Mbuzi wa siku ya Bwana achinjwe kwa dua ya msikitini? Nyama hiyo mimi siigusi!"

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Nyama unayonunua buchani Tarime kila siku ya mnada, huwa anachinja nani?"

"Buchani ni buchani. Leo ni Krismasi."

"Na mbuzi anaijua tofauti?"

"Wewe mtoto wa chuo! Huamini chochote, sasa hapa unamtetea nani?"

"Namtetea mama," nikasema. "Mbuzi ni wake."

Dada alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, begi bado begani. Alikuwa anasubiri kuona. Shemeji akamlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, akatamka bismillahi yake bila kunong'ona. Baba mkubwa akachukua fimbo yake akaondoka.

Chakula kilipoiva, mama alisimama mlango wa jikoni akasali. Alisali kwa muda mrefu, na jina la Yesu alilitaja kama mtu anayepiga ngoma. Alimwombea mjukuu, akamwombea baba mkubwa, akamwombea "huyo aliye nyuma ya ghala." Shemeji alisimama macho wazi. Mimi pia sikufumba. Tukatazamana, kidogo tucheke. Tulikuwa wawili tusioitikia amina, kila mmoja kwa sababu zake, na hakuna aliyetudai.

Mpaka leo watu wananiambia niwe na msimamo: kama siamini, Krismasi ya mama inanihusu nini? Inanihusu. Mambo mengi anayoamini siwezi kuyaamini. Lakini atakayemwambia anong'one nyumbani kwake ili mgeni astarehe, atanikuta mimi mlangoni. Na atakayemfukuza mgeni kwa jina la Yesu wa mama, atanikuta hapohapo.

Jioni mama alinituma nipeleke paja kwa baba mkubwa, fungu lake kama mkubwa wa ukoo. Baba mkubwa hakufunua hata sufuria.

"Lirudishe," akasema.

Nikalirudisha. Dada alitazama lile paja, kisha akamtazama mama, mkono kwenye mkanda wa begi. Mama alifunua sufuria, akaligeuza paja huku na huku.

"Vizuri," akasema, kwa sauti ya kufika ghalani. "Mwambie shemeji yako kesho asubuhi kuna supu."

Kabla sijapiga hatua, sauti ikatoka nyuma ya ghala: "Shemeji, mwambie mama tutakunywa."

Dada akalishusha begi chini. Kisha akafungua khanga mgongoni, akamkabidhi mama mtoto.