Mguu wa Clementi na Mchimbaji Wake

"Ukinikata mguu, mimi nakukata shingo, tuone nani atatangulia!" Clementi alifoka, na panga likachomoka chini ya blanketi.

Silasi, muuguzi, aliruka nyuma akaipiga teke ndoo ya uchafu. Daktari Hana hakuruka. Alikuwa mdogo wa umbo, ukimwona kwa mgongo utamtuma dukani chumvi, lakini alibaki palepale kando ya kitanda.

"Kata," alisema. "Shingo yangu nyembamba, haitakuchosha. Ila ukimaliza, mguu utakuwa bado unaoza na daktari umeshamuua. Utatibiwa na nani?"

"Sitibiwi! Nitakufa nao!"

"Utakufa keshokutwa, baba."

"Basi keshokutwa si mbali!"

"Clementi, weka panga chini," alisema Padri Stanislausi, amevaa viatu vya mvua na mikono ya shati imekunjwa. "Tazama mikono yangu. Sijaja na mafuta."

Marcelina, dada yake Clementi, alikuwa mlangoni na dekio lake. Panga lile alilileta yeye. Yeye mwenyewe, mhudumu wa wodi kwa miaka ishirini na miwili, alilifunga ndani ya kitenge akalipitisha chini ya pua ya mlinzi, maana kwao mtu aliyemwagwa damu halali bila chuma karibu na kichwa. Alileta chuma cha kumlinda mdogo wake. Sasa chuma kilitaka shingo ya daktari.

Ugomvi wenyewe ulianzia shambani, siku kumi na moja nyuma. Ng'ombe wa Clementi waliingia kwenye pamba ya jirani yake Benjamini, hapohapo Guta, wakala mistari minne. Benjamini akaja na panga, Clementi akamngoja na rungu. Rungu lilitangulia: Benjamini akatema meno mawili. Panga likafuata: likamwingia Clementi chini ya goti mpaka mfupa ukachungulia nje. Damu iliyomwagika pale, watu wa Guta wanasema, ng'ombe waligoma kupita siku tatu, na pamba ya mstari ule mpaka leo inapasuka ikiwa na wekundu. Asiyeamini akaangalie.

Clementi alikataa kuletwa hospitali. Aliogopa fomu ya polisi, kwa sababu rungu lake nalo lingeandikwa. Akafungwa jivu na samadi ya ng'ombe. Siku ya tisa, harufu ilipowafukuza hata kuku, Marcelina alimbeba mgongoni, dume zima la miaka hamsini, akampakia pikipiki mpaka kituo cha afya cha misheni.

Kumbeba hakukuwa jambo geni. Mama yao alipofariki kule Bugwema, Marcelina alikuwa na miaka tisa na Clementi hajaota jino, na alikaa mgongoni kwa dada yake mpaka akili zikamwingia, kama zilimwingia. Marcelina akaolewa Guta, akamvuta mdogo wake naye akahamia. Mume wake alikuwaga mpigaji. Alimpiga miaka sita, mwaka wa saba Marcelina akageuka na mchi wa kinu, na tangu siku hiyo mume alikuwa anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Baadaye mamba alimchukua ziwani. Wavuvi wanasema mamba yule aliumwa tumbo mwezi mzima.

Hata kazi ya wodini aliipata kwa mabavu. Alikuja kuuza dagaa, akakuta mgonjwa wa malaria ya kichwa amechanganyikiwa, anafukuza wauguzi na mkasi. Marcelina akatua beseni, akamkwapua mtu kwapani, akamrudisha kitandani, akarudi kuokota dagaa wake. Kesho yake akapewa gauni la kijani.

Yeye ndiye aliyewaunganisha daktari na padri. Zamani padri akiingia wodini na joho lake, wagonjwa walilia, mmoja alitokea dirishani na dripu mkononi, maana kila mtu alijua padri akija na mafuta, jeneza liko njiani. Marcelina akaweka utaratibu. Kanga nyekundu ikianikwa kwenye waya, padri aje na mafuta. Ndoo ikipinduliwa juu ya nguzo, aje na mikono mitupu na viatu vya mvua, aje kushika mtu, kupatanisha, au kumwuliza mgonjwa yale ambayo daktari hana muda wa kuyauliza. Asubuhi hii ndoo ilikuwa juu ya nguzo.

"Nikuulize," alisema Padri, akikaa ukingoni mwa kitanda kana kwamba panga ni mwiko wa ugali. "Unaogopa kisu?"

"Mimi?" Clementi aliwaka. "Nilitahiriwa nimesimama, sikupepesa jicho! Waulize!"

"Nimwulize nani?"

Clementi akageuzia uso ukutani. Jasho la homa lilimtiririka. Halafu akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mguu wangu mtautupa kwenye lile shimo la moto, pamoja na mabomba ya sindano."

"Tutauzika," alisema Daktari Hana.

"Atachimba nani? Wewe?"

Daktari akamtazama Marcelina. Marcelina akasogea karibu.

"Daktari mwanangu, kwetu mtu wa jando anachimbiwa na mwenzake wa jando. Akichimba mwingine, kilichozikwa hakitulii. Kinamfuata mwenyewe, kinamvuta taratibu, mpaka akifuate. Jando lao walikuwa tisa. Saba wameshazikwa."

"Amebaki yeye na nani?"

Clementi aliuma meno mpaka yakalia.

"Benjamini," alisema Marcelina.

"Usilitaje jina la mbwa huyo hapa!"

Daktari na Padri wakatazamana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba maneno yalikuwa machache.

"Yuko wapi?" aliuliza Daktari.

"Amejificha kwenye matete, upande wa ziwa. Mkewe ananiungamia kila siku kuhusu chakula anachompelekea, ingawa si dhambi."

"Nakupa mpaka saa nane. Ikipita hapo, sina goti la kuokoa."

"Mlete!" Clementi alipiga kelele. "Mlete nimpasue, tuzikwe shimo moja!"

Padri alitoka. Walimsikia akifunga jembe la makaburini nyuma ya pikipiki.

Mlio wa pikipiki haujaisha, Marcelina aliachia dekio akaruka. Alimwangukia mdogo wake kifuani kwa uzito wote aliopewa na Mungu, kitanda kikalia, mguu mmoja wa kitanda ukavunjika. Silasi akakalia mguu mzima wa mgonjwa, Clementi akamng'ata bega. Yule alikuwa na damu ya kamongo, samaki wa matopeni, ukimkata kichwa bado anauma. Wakagaagaa, dripu ikaanguka, na Marcelina alipolipata panga alilipata kwa upande wenye makali. Damu ikaruka mpaka kwenye shuka.

Clementi aliiona damu ile, vidole vyake vikalegea.

"Dada! Mbona umelishika kwa makali?"

"Ningelishika wapi? Kwenye mpini kulikuwa na mjinga!"

Alilivuta panga, akalikalia. Daktari Hana akaanza kumshona kiganja palepale, ganzi haijakolea vizuri, na Marcelina hakuguna, maana kuguna kungempunguzia nafasi ya kutukana.

"Nilikubeba mgongoni ukinikojolea miaka miwili! Leo unataka nikubebe tena kaburini?"

"Sikukwambia unibebe."

"Ungeniambiaje, ulikuwa huna meno! Na Benjamini naye sasa hana meno. Mwanaume mzima anakufa kwa ajili ya mistari minne ya pamba!"

"Ni heshima yangu, dada."

"Heshima inanuka, Clementi. Silasi amejibana pua toka asubuhi."

"Siyo kwa ajili hiyo," alisema Silasi, na bado pua aliibana kwa vidole viwili.

Saa saba ikapita. Rangi nyeusi ya mguu, aliyoiwekea Daktari alama ya kalamu asubuhi, ilikuwa imeshavuka mstari kwa upana wa kidole. Aliweka mstari mwingine juu yake. Marcelina alitazama goti la mdogo wake na mstari ule, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa ndogo kuliko kiganja chake kilichoshonwa.

Saa nane ikafika. Daktari alichukua faili.

"Baba, naandika kwamba umekataa. Padri akirudi, atakuta kanga nyekundu imeanikwa."

"Andika," alisema Clementi, lakini sauti ilikuwa imepasuka.

"Usiandike!" Marcelina alisimama, panga likaanguka sakafuni, na sasa halikuwa na mwenyewe. "Clementi, sema neno! Sema, mjinga wewe!"

"Niseme nini? Yule hawezi kuja! Ni mwoga, ni fisi, alinikata akakimbia, na akithubutu kukanyaga mlango huu nitamng'oa macho kwa vidole hivi, nitamtafuna ulimi, nita—"

Mlango ulisukumwa.

Benjamini aliingia, mdomo umevimba, matope mpaka kiunoni, jembe begani likiwa na udongo mbichi mpaka shingoni. Mkono mwingine alishika ufito mrefu, ule wa kupimia kaburi. Nyuma yake Padri alisimama akihema, matope mpaka kwenye kola. Benjamini alilipita panga sakafuni bila kuliangalia.

"Nimeshalianza," alisema kwa mapengo yake. "Unakatwa chini ya goti au juu? Nisije nikachimba fupi."

Matusi yalibaki yamening'inia mdomoni mwa Clementi. Akavuta blanketi mwenyewe, akafunua mguu.