Kifuniko cha Gramu Themanini na Tano

Katika wodi ya upasuaji, mama anayepima chakula cha wagonjwa huitwa Mama Gramu, na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Alianza kazi kwa kuosha masufuria. Siku moja mwandishi wa daftari la lishe aliugua, naye akajitolea kushika kalamu. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Hupima sahani ikitoka jikoni, huipima tena ikirudi, na tofauti huiandika kuwa ndicho alichokula mgonjwa. Hata nyumbani mumewe, dereva mstaafu, akishiba humuuliza, "Haya mke wangu, leo nimekula gramu ngapi?"

Mwaka huu alilazwa humo fundi mmoja wa mizani. Ini lake lilikuwa limejaa makovu ya homa ya ini ya miaka mingi, na madaktari walikata kipande kilichokuwa na uvimbe. Kidonda kilifunga vizuri, lakini fundi alizidi kukonda. Alipoinua mkono, saa yake iliteleza kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko. Mkewe alikuja kila siku na suruali ya kurudia nyumbani, imepigwa pasi, na kila siku aliondoka nayo.

Asubuhi moja daktari alimweleza mke huyo ukweli.

"Mtu akikatwa, mwili huingiwa na hofu. Homoni kama kortizoli na glukagoni hupanda, zikaamuru misuli ivunjwe ili ipatikane sukari. Insulini ingezuia, lakini wakati huo haisikilizwi. Na ini la mumeo, kwa makovu yale, halina ghala la akiba. Akilala njaa usiku mmoja, ni kama mwenzake mwenye ini zima aliyekaa siku mbili tatu bila kula."

"Basi si ale, daktari?"

"Anakula, mama. Daftari linasema anapata protini gramu themanini kwa siku, zinamtosha kabisa. Lakini tukiupima mkono wake kwa utepe, unapungua. Nahofia ini limeshindwa kuitumia hiyo protini. Leo naandika barua ahamishiwe hospitali kubwa. Atarudi lini, sijui."

Mke aliikunja suruali upya ingawa ilikuwa imekunjwa. Daktari akaelekea ofisini.

Hapo akaingia Mama Gramu na toroli lake; habari ya barua alikuwa ameisikia akiwa mlangoni. Alichukua sahani ya fundi, akaiweka juu ya mizani, akapiga hesabu na kusoma kwa sauti: "Umekula mia mbili ishirini. Hongera."

Fundi alicheka mpaka akashika kidonda. "Mia mbili ishirini! Shemeji, nimekula yai moja na vijiko vichache vya uji. Hiyo mizani imenisingizia."

"Mizani yangu haijawahi kumsingizia mtu."

"Ilete hapa. Nimekagua za wauza nyama walioapa kuliko wewe."

Mama Gramu aliitua kitandani kwa kishindo. Fundi aliomba pakiti ya sukari ya nusu kilo iliyokuwa haijafunguliwa, akaiweka juu na kuchungulia mshale. Akakuna kichwa.

"Sawasawa kabisa."

"Haya, niombe radhi."

"Ngoja ninywe maji kwanza, radhi ni nzito." Akainua kifuniko cha chuma kilichofunika kikombe chake.

Mama Gramu alikitazama kile kifuniko. "Hicho umekitoa wapi?"

"Kwenye sahani zenu. Nzi, shemeji."

Mama Gramu akageuka kutazama vitanda vingine. Kila kikombe kilikuwa na kofia ya chuma. Vifuniko vile vililetwa mwezi uliopita. Kabla ya hapo sahani zilifunikwa kitambaa baada ya kupimwa. Sasa zilipimwa zikiwa na vifuniko na kurudi bila vifuniko, ambavyo vilirudi jikoni baadaye pamoja na vikombe, na yeye aliandika kila kilichopungua kuwa kimeliwa. Alikipima kile cha fundi. Gramu themanini na tano. Mara tatu kwa siku.

"Kumbe nimekuwa nikilishwa vyuma," alisema fundi. "Ndiyo maana sinenepi!"

Wodi nzima iliangua kicheko, isipokuwa Mama Gramu. Angeweza kuanza kupima vizuri kesho, na hakuna ambaye angefungua kurasa za nyuma. Lakini barua ilikuwa inaandikwa. Alibeba daftari na kifuniko, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Daktari, weka kalamu chini. Kosa ni langu."

Walipiga hesabu upya pamoja. Protini ya fundi haikufika hata gramu hamsini. Daktari aliirarua barua.

"Ini halijashindwa," alisema. "Sisi ndio tuliomnyima."

Tangu siku hiyo fundi alikula kidogo kidogo mara sita, na maziwa na mkate kabla ya kulala, usiku usimkute na tumbo tupu. Mama Gramu alisahihisha kurasa za mwezi mzima kwa wino mwekundu, akatia sahihi yake kila ukurasa.

Baada ya wiki tatu fundi alisimama mlangoni, amevaa suruali ile, na mkewe kando ameshika mfuko wa nguo. Aliinua mkono, saa ikateleza, ikakwama katikati.

"Bado nusu njia, shemeji."

"Nusu iliyobaki atakumalizia mkeo. Sasa fungua huo mfuko, unirudishie kifuniko changu."

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akatazama dari, na kifuniko kikatoka.